Devon Rex: jinsi ya kumtambua, kumsoma tabia na kuishi naye huyu paka wa manyoya ya kujikunja

Watu wengi wanaanza na picha. Unaona paka ana masikio makubwa kupita kichwa, macho hayo yamekodoka, manyoya mafupi yana mawimbi kama katoka saluni kuweka kalikiti, basi mtu anasema huyuhuyu nimtafute. Sawa, ila ngoja kwanza. Kwa Devon Rex manyoya ndo kitu cha mwisho kukufurahisha au kukusumbua, ukishakaa naye kidogo unasahau kabisa kama ana mawimbi, kinachobaki ni tabia, na tabia yenyewe ni ya paka anayetaka mtu, sio paka anayemvumilia mtu. Kwahiyo nitaanza na kumtambua ili usije ukauziwa mwingine, halafu kumsoma tabia kabla hujamchukua, ndo tuje kwenye kumtunza, na huko kuna mambo ambayo ukiyajua mapema utapunguza sana safari za kwa daktari wa mifugo.

Angalia kichwa kwanza, manyoya baadaye

Ukiwekewa mbele paka anayesemwa ni Devon, achana na manyoya, angalia kichwa. Masikio ni makubwa, mapana sana pale chini yanapoanzia, na yamekaa pembeni kabisa ya kichwa, hayajasimama juu utosini. Hii ya masikio kukaa chini ndo alama namba moja. Halafu mashavu, mifupa yake imetokeza, uso unapanuka pale kwenye mashavu alafu unabana ghafla kuja mdomoni, mdomo mfupi, na ule uvimbe wa sharubu umejaa vizuri pande zote mbili. Mwangalie kwa ubavu utaona pua ina mbonyeo pale inapokutana na paji la uso, haijanyooka moja kwa moja. Macho makubwa, yameachana, yamelala kwa mshazari kidogo kuelekea kwenye masikio. Ukivichanganya vyote unapata ile sura ya kibwengo mtundu ambaye muda wowote atakufanyia jambo, na kwa kweli atakufanyia.

Mwili ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye picha. Kilo 2.5 mpaka 4.5 hivi, majike chini madume juu, lakini ukimbeba unamsikia mzito maana ni misuli tu. Kifua kipana, shingo nyembamba, miguu mirefu na ya nyuma imeizidi ya mbele, vidole virefu anavitumia kushika vitu, mkia mrefu mwembamba. Rangi usihangaike nayo, wanatoka rangi zote, weusi, weupe, wa madoa, wenye michirizi, mpaka wale wenye uso na miguu meusi kama Siamese, kwahiyo mtu akikuambia rangi fulani tu ndo Devon halisi ujue anakuuzia maneno.

Sasa manyoya. Paka wa kawaida ana nywele za namna tatu, zile ngumu za juu za kumkinga, zile za katikati, na malaika laini za chini kabisa. Devon anazo zote, ila zile za juu zimedumaa, zimepinda na zinakatika kirahisi, ndo maana ukimpapasa unahisi kama suedi laini yenye joto na huoni lile vazi la juu la kung'aa ulilozoea kwa paka wengine. Mawimbi yake hayajapangika, yamelegea, yamekaa ovyo ovyo, mgongoni na ubavuni yanaonekana vizuri, tumboni na shingoni kwa chini na pale mbele ya masikio nywele zinakuwa chache mpaka unaiona ngozi. Hiyo ni kawaida. Na usishtuke ukikuta mtoto wa miezi michache karibu ana upara, wanapukutika nywele za utotoni halafu zinaota upya, wengine zinachelewa mpaka wanakaribia mwaka au zaidi kukamilika.

Sharubu ndo kipimo kingine kizuri. Ziwe fupi, zimejikunja, zimekatika katika, wengine hawana kabisa upande mmoja. Hamna mtu aliyezikata, ni hitilafu ileile ya nywele. Ukiona sharubu ndefu zimenyooka kama waya halafu unaambiwa ni Devon, uliza maswali.

Kitu kimoja cha kutofautisha hapa, upara wa Devon umesambaa taratibu, ngozi yake safi, haina magamba wala wekundu. Ukikuta kiraka cha duara, kingo zake nyekundu, au ngozi inatoka unga unga, au paka anajikuna mfululizo, huyo anaumwa, inaweza kuwa fangasi au wadudu wa ngozi, na fangasi ya paka inahamia kwa binadamu vizuri tu. Usikubali jibu la "ndo walivyo hawa" kwenye kila kipara.

Wasije wakakuchanganya na ndugu zake wa jina

Paka wa mawimbi wapo aina kadhaa, na wengi wana hilo neno Rex mwishoni, kwahiyo watu wanadhani ni paka mmoja mwenye majina mengi. Hapana. Wa kwanza kuandikwa vizuri alikuwa Cornish Rex, alizaliwa 1950 kule Cornwall, Uingereza, dume mmoja aliyeitwa Kallibunker. Miaka kumi baadae, 1960, mkoa wa jirani wa Devon, mji wa Buckfastleigh, mama mmoja anaitwa Beryl Cox akapata mtoto wa paka mwenye mawimbi akamwita Kirlee. Kila mtu akaona hapo kazi imekwisha, mikoa imepakana, mawimbi kwa mawimbi, lazima ni ukoo mmoja. Wakampandisha Kirlee kwa majike ya Cornish. Watoto wote wakatoka na nywele zilizonyooka.

Hapo ndo ikajulikana kwamba ni hitilafu mbili tofauti kabisa za vinasaba. Baadae vipimo vya maabara vikaja kuthibitisha, ya Cornish ipo kwenye jeni ya LPAR6, ya Devon ipo kwenye KRT71 ambayo inahusika na keratini, ile protini inayojenga nywele, ya kwenye mzizi wa nywele. Zote mbili ni za kujificha, maana yake mtoto lazima apewe nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndo mawimbi yatokee. Na cha kuchekesha, Sphynx yule paka asiye na nywele naye hitilafu yake ipo hukohuko kwenye KRT71, kwahiyo kwa upande wa jeni hii Devon yuko karibu na yule mwenye kipara kuliko huyu Cornish anayefanana naye jina.

Kuwatofautisha kwa macho basi. Cornish masikio yamesimama juu ya kichwa, uso mrefu wa yai, pua imepanda na kushuka kama ya Warumi kwenye sanamu, mgongo umepinda kwa juu na tumbo limeingia ndani, miguu mirefu myembamba. Manyoya yake yamelala yamebana na mawimbi yake yamepangika mistari mistari, hana zile nywele za nje kabisa. Devon kaa akilini: masikio chini, uso mfupi, mawimbi ya ovyo.

Selkirk Rex huyo huwezi kukosea, ni bonge, mzito, manyoya mengi mpaka anaonekana kondoo, katokea Montana kule Marekani mwaka 1987, na jeni yake ni ya nguvu, nakala moja tu inatosha. Tabia pia ni mpole mtulivu, ana damu ya Persian na British Shorthair ndani yake. LaPerm naye ni wa Marekani, Oregon, mwaka 1982, manyoya yake yanaweza kuwa marefu yenye kujisokota hasa shingoni na mkiani. Ukitaka paka wa mawimbi ila unataka utulivu nyumbani, nakwambia mapema, acha kusoma kuhusu Devon, nenda kamsome Selkirk.

Tabia: hapa ndo pa kutulia usome

Devon anapenda watu kwa namna ambayo wengine inawashinda. Hakai chumba cha pili akakusubiri uje. Ukikaa yuko mapajani, ukisimama yuko begani, na hilo la begani sio utani, wanaruka kutoka sakafuni mpaka bega la mtu aliyesimama bila kukuuliza. Ukilala anaingia ndani ya shuka, sio juu ya shuka, ndani, mgongo wake kwenye tumbo lako au kwenye kwapa. Ukienda chooni mnaenda wote. Ukifunga mlango unaona vidole vinapita chini ya mlango vinakutafuta.

Ni mwerevu na ana mikono, hivyo viwili vikikutana ndo shida inaanza. Anajifunza kufungua kabati, anajifunza droo, anajifunza sauti ya kopo la chakula na ya mfuko wa nailoni kutoka chumba cha tatu. Kwenye chakula hana aibu kabisa, atakula vitu ambavyo paka mwingine anavinusa na kupita, mboga, mkate, kilichobaki kwenye sahani yako, na atakiiba ukiwa unamwangalia usoni. Sasa hii sio ya kuchekea tu, sababu kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, vinaharibu chembe nyekundu za damu, chokoleti pia sumu, na maua ya yungiyungi yanaua figo zake hata akiramba tu chavua iliyomdondokea. Kwa paka mwingine unaweza kusema aah hatakula. Kwa huyu usiseme hivyo. Kila kitu kifungwe, pipa la taka liwe na mfuniko wa kubana, nyuzi na mipira ya kufungia usiache mezani maana akimeza uzi unaweza kumkunja utumbo mpaka afanyiwe upasuaji.

Sauti yake ni ndogo. Hapigi makelele kama Siamese, ana vilio vifupi vya kuguna na kuimba imba hivi, anakuelezea siku yake yote. Akifurahi wengine wanatikisa mkia, ndo maana watu wanasema ana tabia za mbwa, na kweli anaweza kukuletea mpira umrushie tena na tena mpaka wewe ndo uchoke.

Kinachosahaulika ni kwamba huu utundu haupungui sana na umri. Paka wengi wakishafika miaka miwili mitatu wanatulia wanakuwa mapambo ya dirishani. Devon wa miaka nane bado anapanda pazia. Na wanaishi miaka 10 mpaka 15, wengine zaidi, kwahiyo piga hesabu ya maisha yako ya mbele pia, sio ya mwaka huu tu.

Jiulize kabla: nyumba yenu inabaki tupu saa ngapi kwa siku? Kama watu wote wanaondoka asubuhi wanarudi usiku, paka huyu peke yake ataumia. Ataanza kulia, ataanza kujiramba mpaka nywele zake chache ziishe, au ataanza kukojoa nje ya choo chake, halafu mtu anasema paka mkorofi. Hapo njia ni mbili, chukua wawili kwa pamoja, au chukua aina nyingine. Mimi kwa mtu anayefanya kazi nje namshauri wawili bila kusita, wanachezeana, wanalaliana wapate joto, na kwa kweli paka wawili wanakuharibia vitu vichache kuliko mmoja mpweke. Mwenzake sio lazima awe Devon, ila awe mchangamfu, ukimpa kizee kinachotaka kulala utakuwa umewatesa wote wawili. Na mbwa mpole wanaelewana naye bila shida, watoto wa nyumbani pia, mradi watoto wafundishwe kumbeba kwa kumshika kifua na makalio pamoja, sio kumning'iniza.

Kumpima mtoto kabla hujalipia

Nenda mwenyewe ukamuone, usinunue kwa picha. Ukifika usimkimbilie. Kaa chini sakafuni, nyamaza, weka mkono wazi, subiri. Mtoto wa Devon aliyelelewa vizuri hakai mbali, anakuja mwenyewe ndani ya dakika chache, ananusa, anakukwea. Mmoja akijificha huku wenzake wote wanakuchezea, muulize mwenye nyumba kwa nini. Wote wakijificha, hapo tatizo ni malezi, hawajazoeshwa watu, nyanyuka uende.

Muone mama yake pia, maana mama mwenye hofu anawafundisha watoto hofu. Angalia mahali wanapoishi, kama ni ndani na watu au wamefungiwa banda la nyuma. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 12 au 13, anayetaka kukupa wa wiki 7 anataka kupunguza gharama ya chakula tu.

Kisha mwangalie anavyotembea na anavyokula, na hili naomba usiliruke. Devon wana ugonjwa wao wa kurithi wa udhaifu wa misuli, unatokana na hitilafu kwenye jeni ya COLQ, unaanza kuonekana utotoni kati ya wiki za kwanza mpaka miezi michache. Mtoto anatembea kidogo anachoka, kichwa kinainamia kifuani, mabega yanatokeza, anakaa kwa makalio huku mikono ameegemeza kwenye kitu ili anyanyue kichwa, na hatari kubwa ni kwenye kula maana chakula kinaweza kumpalia akafa. Hauna dawa ya kuuponya. Lakini kipimo cha vinasaba kipo, na kwa vile ugonjwa ni wa kujificha, mzazi mwenye nakala moja yuko mzima kabisa huwezi kumjua kwa macho, kwahiyo swali sio "wazazi wana afya?", swali ni "naomba majibu ya kipimo cha COLQ cha baba na cha mama." Mzazi mmoja akiwa safi kabisa, mtoto hawezi kuugua.

Uliza pia kuhusu moyo, kuna ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene unaowapata paka wengi na Devon wamo, wazazi wanatakiwa wawe wamepigwa ultrasaundi ya moyo na irudiwe, sio mara moja kisha basi. Magoti nayo, wengine kile kifuniko cha goti kinahama, unamuona anaruka ruka na mguu mmoja hewani halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Daktari anagundua kwa kupapasa tu.

Na kuna la damu ambalo wafugaji wengi wa nyumbani hawajawahi kulisikia. Paka wana makundi ya damu A, B na AB. Paka wengi ni A, lakini kwa Devon kundi B lipo kwa wingi. Paka wa B mwilini mwake anakuwa tayari na kinga kali dhidi ya damu ya A, akiongezewa damu ya A hata mara ya kwanza anaweza kufa. Mpime kundi lake siku mkienda kumfunga uzazi, andika kwenye kadi yake, imeisha. Wanaotaka kuzalisha ndo zaidi, jike wa B akipandwa na dume wa A, watoto watakaorithi A wakinyonya yale maziwa ya mwanzo wanaweza kufa ndani ya siku chache, na mtu anabaki anashangaa wamepatwa na nini wakati walizaliwa wazima.

Kabla ya upasuaji wowote mwambie daktari kwamba ni Devon. Kuna wachache kwenye aina hii wana shida ya damu kutoganda vizuri inayohusiana na vitamini K, ni nadra ila daktari akijua anapima kwanza.

Kumtunza kila siku

Joto. Joto la mwili wake ni lilelile la paka yeyote, nyuzi 38 mpaka 39 hivi, lakini vazi lake ni jepesi kwahiyo linapotea haraka na ndo maana ukimgusa unamuona wa moto. Ataenda juu ya friji, juu ya kompyuta, mbele ya hita, juani dirishani. Mpe blanketi kadhaa sehemu za juu, na kitanda chenye mfuniko, kile cha kama pango. Hita za moto wa wazi ziwekee uzio, ana sharubu mbovu na anakaa karibu mno na moto. Mashine ya kufulia iangalie ndani kabla ya kuwasha, kila mara, kila mtu nyumbani, maana nguo za joto ndo kitanda chake. Nje asitembee huru, baridi, magari, na urafiki wake na kila mtu anayepita, ataondoka na mgeni akiwa begani. Kama unataka apate hewa mzoeshe hanesi (ile mikanda ya kumfunga kifuani) na kamba akiwa mdogo, wanafundishika vizuri sana. Weupe na wenye ngozi wazi wasikae jua kali muda mrefu, ngozi inaungua, na usimpake krimu ya jua ya binadamu sababu atairamba na zina vitu vinavyomdhuru.

Chakula, mpe cha paka chenye protini ya nyama, gawanya mara tatu au nne kwa siku, pima. Kwa sababu anapoteza joto na hatulii anakula kuliko mwili wake unavyoonyesha, ila akishafungwa uzazi na kuzeeka kidogo anaweza kunenepa kama wengine. Papasa mbavu, uzihisi bila kuzibonyeza sana. Usimuamini macho yake.

Kuchana hapa watu wanaharibu. Brashi ya waya weka mbali kabisa, nywele zinakatika na zinachukua muda mrefu kurudi. Kitambaa laini au mkono wako ulioloweshwa maji kidogo, mara moja kwa wiki, inatosha. Na usiongeze kuchana ukidhani mawimbi yatapendeza, yanapungua.

Ngozi ndo kazi yenyewe. Kwa paka wa kawaida mafuta ya ngozi yanasambaa kwenye manyoya, kwa huyu manyoya hayatoshi kwahiyo mafuta yanakaa. Utaona uchafu wa kahawia kwenye mikunjo ya vidole kuzunguka kucha, na masikio yanajaa nta nyeusi nyeusi haraka. Fangasi ya chachu inayoitwa Malassezia inapenda mazingira hayo, ukisikia harufu ya kuchacha au makwapa na vidole vimekuwa vyekundu, daktari.

Kumuogesha sio ratiba ya kalenda. Mguse, akiwa anateleza mafuta mkononi muoshe, akiwa mkavu muache. Wengine ni kila baada ya wiki chache, wengine mara chache kwa mwaka, na ukizidisha ngozi inakauka. Chumba kiwe cha joto, mlango umefungwa. Weka taulo ndani ya beseni, pale atakaposimama, asiteleze, maji vuguvugu yafike tumboni tu, mwagia kwa kikombe, uso usimwagie, ufute kwa kitambaa. Shampuu ya paka, sio yako, sio ya mbwa, suuza mpaka maji yatoke masafi maana kitakachobaki atakiramba. Mkaushe kwa kumgandamizia taulo, usisugue, halafu mfunge kwenye taulo kavu ukae naye mpaka joto limrudie. Ukimuanzisha mdogo anazoea, wengine wanafika hatua ya kuyapenda maji.

Masikio futa kwa pamba na dawa ya kusafishia masikio ya paka, ile sehemu unayoiona tu, vijiti vya pamba usiingize ndani. Kucha zikate kila wiki mbili hivi na safisha yale mafuta ya kwenye mikunjo humohumo. Mafuta ya mti wa chai usiyaguse kabisa, na dawa za viroboto za mbwa zenye permetrini zinaua paka, soma lebo hata kama ni ya mbwa wa nyumba hiyohiyo wanaolala pamoja.

Michezo. Mpe urefu wa kwenda juu, mti wa paka unaofika karibu na dari na uliofungwa ukutani maana anautua kwa kasi. Mara mbili kwa siku cheza naye kwa fimbo ya manyoya mpaka ahemee, cha jioni kifuatiwe na chakula ndo na wewe utalala. Vile vyombo vya kufichia chakula akitafute mwenyewe vinamfaa sana, ila ataving'amua haraka, badilisha. Kumfundisha kukaa, kupeana mkono, kuingia kwenye kikapu cha safari, hayo yote anayaweza kwa vipande vidogo vya chakula. Akikosea usimpigie kelele, kwake kelele ni kujaliwa na kujaliwa ndo alichokuwa anakitafuta, kwahiyo ukimkemea kila akipanda mezani umemfundisha kupanda mezani. Mshushe kimya, mpeleke kwenye mti wake, hapo ndo umsifu.

Swali la mzio nimeliacha mwisho maana ndo linalouza paka hawa kwa uongo. Utaambiwa Devon hawaletei watu mzio, yaani aleji. Kinachowasumbua watu wenye aleji ya paka kwa sehemu kubwa ni protini inaitwa Fel d 1, inatoka kwenye mate na kwenye tezi za mafuta ya ngozi, Devon ana mate na ana ngozi yenye mafuta. Nywele anapukutisha pia, ni ndogo tu huzioni kwenye sofa. Kuna watu wanavumilia Devon fulani vizuri na kuna wengine wanapiga chafya mlangoni, inategemea paka na mtu. Kama wewe au mwanao ana aleji au pumu, nenda kwa mwenye paka ukae naye saa nzima na zaidi, mshike, jipangusie usoni, rudi siku nyingine tena, na ongea na daktari wako kabla ya kulipa chochote. Mwenye paka akikataa urudi mara ya pili, tafuta mwingine.